Treni inapanda Karatina, nani anaongeza maji?

Kama umewahi kupanda treni ya Nanyuki, unapajua mahali ninapopazungumzia. Mmetoka Nairobi asubuhi, Thika na Murang'a zimebaki nyuma, mmeuvuka Mto Tana na kufika Sagana. Simu ziko nje ya dirisha, kila mtu anatafuta video ya kuposti. Halafu sauti ya injini inabadilika, inakuwa nzito. Mwendo unapungua hadi mtoto anayekimbia kando ya reli akiwapungia mkono hamumwachi nyuma haraka. Mmeanza kupanda kwenda Karatina.

Sagana iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Karatina imepita 1,700. Leo injini ya dizeli inaumaliza mlima huo ikinguruma tu. Lakini reli hii ilifika Nanyuki mwaka 1930, na kwa miaka mingi baada ya hapo kilichokuwa kikipanda hapa ni gari moshi lenyewe, lile la mvuke. Mle ndani, kwenye kibanda cha dereva, kulikuwa na swali moja ambalo lingeweza kuua watu: maji yamefika wapi?

Si maji ya kunywa. Maji ya boila.

Ebu tuanze na kitu unachokijua. Umeshaona matatu imekwama kando ya barabara pale karibu na Kibirigwi, boneti juu, mvuke unatoka, na utingo anakuja mbio na jerikani. Kama kuna mzee kati ya abiria utamsikia, "Kijana, wewe usifungue hicho kifuniko sasa hivi!" Na mzee yuko sawa kabisa. Maji ya rejeta yaliyofungiwa na presha huwa yamepita ule moto ambao yangechemkia kwenye sufuria. Ukifungua kifuniko, presha inatoka, na yote yanakurukia usoni. Basi mnangoja ipoe. Nusu saa, abiria wanalalamika, wengine wanadai nauli yao.

Gari moshi halina hiyo nusu saa. Mvuke ndio nguvu yake yote. Kila mara pistoni inaposukumwa, mvuke uliotumika unapanda kwenye bomba la moshi na kwenda zake angani. Ile sauti ya "chuf, chuf" unayoisikia kwenye filamu ni maji yanayoondoka. Kwa hiyo lazima maji mengine yaingizwe, na yaingizwe wakati boila inachemka, presha iko juu, na mabehewa yanaendelea kuvutwa mlimani.

Sasa angalia ugumu ulipo. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa karibu 32, ule upimaji wa psi unaouona pale petroli. Boila ya injini kubwa kuliko zote zilizowahi kufanya kazi Kenya, zile Garratt za daraja la 59, ilikuwa 225. Mara saba ya gurudumu. Ukitoboa boila ile, ni maji ya ndani ndiyo yatakayotoka kwa fujo, si ya nje yatakayoingia. Maji ya tangi yamekaa tu, hayana nguvu zozote zaidi ya uzito wao. Utayaingizaje?

Jibu la kwanza la mafundi lilikuwa pampu. Walifunga pampu kwenye ekseli ya injini yenyewe au kwenye vyuma vinavyosukumwa na pistoni: magurudumu yakizunguka, pampu inapiga, maji yanaingia. Wazo zuri, ila lina kasoro ya kuchekesha. Injini ikisimama, pampu nayo inasimama. Na moto je? Moto haujui kwamba mmesimama stesheni mkingoja treni nyingine ipite. Unaendelea kuchemsha, maji yanaendelea kupungua. Basi madereva wa miaka hiyo huko Uingereza ilibidi waifungue injini kutoka kwenye mabehewa na kuikimbiza mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila kubeba chochote, ili tu pampu ipate kufanya kazi. Ni kama dereva wa matatu anayezunguka stendi tupu saa nzima ili gari lisizimike.

Halafu akaja Mfaransa mmoja, Henri Giffard. Huyu jamaa alikuwa na mambo. Mwaka 1852 aliruka juu ya Paris kwa puto refu lenye injini ya mvuke. Ndiyo, moto wa injini chini ya puto lililojaa haidrojeni, na hakulipuka. Mwaka 1858 akapata hataza ya kifaa kidogo cha shaba ambacho unaweza kukikumbatia kwa mkono mmoja. Kinaitwa injekta. Ndani yake hakuna pistoni, hakuna gurudumu, hakuna kinachozunguka. Ni vijimirija vilivyochongwa kama faneli, vimepangwa kimoja mbele ya kingine.

Na kinachosukuma maji yaingie ndani ya boila ni mvuke wa boila ileile.

Soma tena hapo. Mvuke wenye presha ya 225 unasukuma maji yaingie mahali penye presha ya 225. Inaonekana kama kujiinua kwa kujishika kola ya shati lako mwenyewe. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani mwandishi amekosea. Kumbe siri iko kwenye mwendo, si kwenye presha.

Fuata hatua kwa hatua. Mvuke ukipita kwenye mdomo mwembamba hutoka kwa kasi ya ajabu, mamia ya mita kwa sekunde, kwa sababu ni mwepesi. Maji yakisukumwa na presha hiyohiyo hayawezi kukaribia kasi hiyo, ni mazito mno. Sasa mvuke huo wenye haraka unakutana na maji baridi kutoka kwenye tangi. Papo hapo unapoa na kugeuka kuwa maji. Kumbuka mvuke unachukua nafasi kubwa sana: lita moja ya maji ikichemka kwenye hewa ya kawaida hujaza zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Ukigeuka maji tena, nafasi yote hiyo inabaki wazi, na maji ya tangi yanavutwa kuijaza. Mvuke umetoweka, lakini mwendo wake haukutoweka. Umewaachia maji. Unapata mchirizi mmoja wa maji ya vuguvugu unaokwenda kasi kuliko maji yoyote ambayo presha ya boila ingeweza kuyarusha nje.

Mchirizi huo unaingia kwenye faneli ya mwisho, inayopanuka polepole. Hapo maji yanapunguza mwendo, na mwendo unaopunguzwa hivyo hugeuka kuwa presha. Presha hiyo inaishinda ya boila kwa kiasi kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha. Vali ya njia moja inafunguka, maji yanaingia. Hakuna uchawi: joto lote ambalo mvuke uliubeba ndilo lililolipia kazi hiyo, na joto linalobaki linarudi ndani ya boila pamoja na maji. Hakipotei kitu kikubwa.

Sasa tumweke mtu pale. Kwenye kibanda walikuwa wawili: dereva, na yule wa moto. Kiswahili sanifu kingemwita mchochezi, lakini ukisema hivyo Kenya watu watadhani ni mwanasiasa, kwa hiyo nitamwita fayamani. Zamani fayamani alitupa kuni au makaa. Baadaye, injini zilipobadilishwa kutumia mafuta mazito, alikuwa akirekebisha vali za mafuta. Kazi yake ya pili, ambayo mimi naiona ndiyo ya kwanza, ilikuwa maji. Mbele yake kuna kioo cha mrija kilichosimama wima, na ndani yake maji ya boila yanaonekana yamefika wapi. Karibu yake kuna vishikio vya injekta mbili. Mbili, kwa sababu moja ikigoma lazima kuwe na nyingine.

Na zilikuwa zikigoma. Injekta inategemea mvuke upoe ghafla, kwa hiyo maji ya tangi yakiwa na joto sana, mvuke haugeuki maji vizuri na mambo yanavurugika. Badala ya kuimba (injekta inayofanya kazi huwa na sauti yake, kama mluzi mzito) inatapika mvuke na maji nje kupitia bomba la chini. Fayamani anafunga, anangoja kidogo, anafungua maji kwanza kisha mvuke, anajaribu tena. Ikikataa, anachukua ndoo ya maji baridi anaimwagia injekta kwa nje ili ipoe. Teknolojia ya Giffard, ukarabati wa ndoo.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu ya kitu kinachoitwa dari ya tanuru. Tanuru la gari moshi ni sanduku la chuma lililo ndani ya boila, sehemu ya nyuma, na maji yamelizunguka kila upande hata juu. Moto ulio chini unazidi nyuzi 1,000. Chuma cha dari hakiyeyuki wala kulegea kwa sababu moja tu: maji yaliyo juu yake yanakinyang'anya joto kila sekunde. Maji yakishuka chini ya dari, hata kwa muda mfupi, chuma kinaanza kuwa chekundu na laini kama ubao uliolowa. Na juu yake bado kuna ile presha.

Kikipasuka, tatizo si mvuke uliokuwepo tu. Maji yote ya boila yako karibu nyuzi 200, yamezuiwa yasichemke na presha peke yake. Presha ikiondoka, sehemu yake inageuka mvuke kwa mkupuo mmoja. Ni rejeta ya ile matatu, ila mara elfu, na mlango wa tanuru unatazama magoti ya wafanyakazi wawili.

Hii si hadithi ya zamani za kale. Juni 1995, karibu na Gardners, Pennsylvania, Marekani, injini ya mvuke iliyokuwa ikivuta watalii iliishiwa maji juu ya dari ya tanuru. Watu watatu waliokuwa kwenye kibanda walichomeka vibaya. Wachunguzi walikuta vifaa vya kuonyesha maji havikuwa vimetunzwa. Njia zake zilikuwa zimeziba kwa uchafu. Yaani kioo kilidanganya. Ule utando mweupe unaouona ndani ya birika lako la chai ndio huohuo, ukiachwa miaka.

Ndiyo maana juu ya dari ya tanuru kulifungwa plagi iliyojazwa risasi. Maji yakipungua, risasi inayeyuka kabla ya chuma kulegea, na mvuke unamwagika ndani ya moto ukipiga kelele za kumwamsha hata aliyelala. Presha kuka yako nayo mara nyingi ina kidude kama hicho kwenye kifuniko, kidogo, cha mpira au chuma laini. Nimemwona jirani kwenye ploti moja Karatina akikiziba kwa kipande cha ndala kwa sababu "kinapoteza mvuke na githeri haiivi." Kusema kweli namwelewa kuhusu githeri. Kwa urefu wa Karatina maji kwenye sufuria ya wazi huchemka karibu nyuzi 94, si 100 kama Mombasa, na maharagwe yanajua. Lakini kidude hicho, tafadhali, kiache.

Turudi mlimani, maana hapa ndipo kazi ya fayamani inakuwa kazi kweli.

Treni inatoka Sagana. Kabla ya kupanda ametia maji ya kutosha, lakini si mengi mno. Boila ikijazwa kupita kiasi, maji yanabebwa pamoja na mvuke hadi kwenye silinda, na maji hayabanwi: pistoni inayagonga na kuvunja mfuniko wa silinda. Mlima unaanza. Dereva anataka mvuke wote. Fayamani akifungua injekta sasa, maji yanayoingia, hata kama ni ya vuguvugu, yanaipoza boila, presha inashuka, na treni inaweza kufa katikati ya mlima na mabehewa yake yote nyuma. Asipofungua, maji yanazidi kupungua. Anafungua kidogo, anafunga, anatazama saa ya presha, anatazama kioo.

Na kioo sasa kinampa habari njema za uongo. Injini ikipanda na pua yake juu, maji ya boila yanakimbilia nyuma, kama chai kwenye kikombe ulichokiinamisha. Nyuma ndiko kwenye tanuru na ndiko kioo kilipo. Kinaonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Isitoshe, mvuke unapotumiwa kwa nguvu maji ya ndani yanafura kwa mapovu, kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni, na kioo kinapanda zaidi.

Kisha mnafika Karatina. Stesheni hujengwa mahali palipo tambarare kadiri inavyowezekana, kwa hiyo injini inalala sawa na maji yanarudi mbele. Sekunde hiyohiyo dereva anafunga mvuke ili asimame, mapovu yanatulia, maji yanashuka tena. Vyote viwili kwa pamoja. Kioo kilichokuwa kimejaa nusu kule chini sasa kinaweza kuwa hakionyeshi kitu. Abiria wanashuka na magunia yao, wauza kabeji na viazi wanaita wateja, kelele za soko kila upande, na ndani ya kibanda kuna mtu anayetazama mrija wa kioo huku moyo unamdunda.

Fayamani mzuri alishaijua hali hiyo tangu mlimani. Hakusoma kioo kama kilivyo. Alisoma kioo, akatoa mlima, akatoa mapovu, akapata maji ya kweli. Hesabu hiyo aliifanya kichwani, usiku au mchana, mvua ya huku kwetu ikimpiga ubavuni.

Bahati ya reli hii ni kwamba inapita miguuni mwa Mlima Kenya, na maji baridi si tatizo. Kwingine ilikuwa balaa. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, kitu cha kwanza ilichokutana nacho ni nyika ya Taru, isiyo na mto. Maji ilibidi yabebwe kwa treni, yaani injini inatumia maji kubeba maji. Na ulishajiuliza kwa nini Nairobi iko pale ilipo? Mwaka 1899 wajenzi wa reli walitaka pahali tambarare penye maji kabla ya kuanza kupanda nyanda za juu. Wamaasai walikuwa wanapaita Enkare Nairobi, maji baridi. Mji mkuu wetu, msongamano wote ule, ulianza kama mahali pa kuegesha na kunywesha magari moshi.

Kuhusu zile Garratt za daraja la 59, kuna utani mmoja ambao watu wa hapa mtaupenda. Zilikuwa 34, zimetengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock, zikafika Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956. Uzito tani 252 kila moja, injini kubwa kuliko zote duniani kwa reli ya mita moja. Zilibeba karibu lita 39,000 za maji, sawa na matangi manne yale meusi ya lita elfu kumi, na zilipewa majina ya milima. Moja iliitwa Mount Kenya. Lakini reli ya Nanyuki ilikuwa nyepesi mno kwa uzito huo; makao ya injini hizo yalikuwa njia kuu ya Mombasa. Kwa hiyo Mount Kenya wa chuma alizunguka Voi na Makindu maisha yake yote, na huku kwenye mlima wenyewe tukapandishiwa injini ndogo.

Mvuke uliisha Kenya karibu mwaka 1980. Reli yetu nayo ililala miaka mingi, nyasi zikaota, hadi ilipofufuliwa mwaka 2020, na sasa ni dizeli. Ukitaka kuona injekta kwa macho yako, nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi, kando ya stesheni kuu. Mmoja wa wale ndugu 34 yuko pale, namba 5918, Mount Gelai. Usisimame mbele kupiga selfi kama kila mtu. Zunguka hadi usawa wa kibanda, inama kidogo, ufuatilie mabomba yanayotoka kwenye tangi hadi kwenye boila. Mahali fulani katikati utakuta kipande cha chuma kinene, kimechakaa, hakina hata kimoja kinachozunguka. Ndicho hicho.